Bodi ya padi ya Xbox 360 ndani ya jukwaa la vitufe la kujitengenezea

Padi (kidhibiti cha gemu cha kushika mkononi) ya waya ya Microsoft Xbox 360 inafaa sana kuwa moyo wa jukwaa la vitufe na kijiti la kuchezea gemu za mapigano, kwani Windows huitambua yenyewe. Ila pima kwanza kwa multimita (kipima umeme) iliyowekwa hali ya mlio: inapaswa kulia ikigusa upande mmoja wa kila kitufe pamoja na hasi ya kebo ya USB. Matoleo mengine hayana hasi moja ya pamoja. Hayo yaache, nyaya zake ni usumbufu mtupu.

LT na RT (vifyatuo viwili vya padi), pamoja na vijiti vyake viwili, hutumia potenshiomita, yaani vikinza umeme vinavyobadilika kadiri unavyobonyeza au kusukuma. Usizing'oe, la sivyo gemu itasoma mibonyezo isiyokuwepo. Vitufe vya A, B, X, Y, LB na RB vya padi vinatosha kwa vitufe 6 vya jukwaa.

Kwangua kaboni nyeusi iliyo kwenye bodi chini ya kila kitufe hadi shaba ing'ae, paka risasi ya kulehemu kidogo, kisha lehemu waya mwembamba. Funika kila kiungo kwa gundi ya moto. Waya ukivutwa, shaba hubanduka na haitengenezeki kirahisi.

Kijiti cha jukwaa aina ya Sanwa JLF kina pini 5, nne za mielekeo na moja ya hasi. Vitufe vya Sanwa vya OBSF-30 vinataka matundu ya mm 30 na klipu za waya za mm 2.8.