Tahadhari: “Wakili” wa nje ya korti ya Makadara anayewaambia watu kesi imeisha

Wenzangu wa Eastlands, Nairobi, hasa mlio na ndugu au mtoto aliyeshtakiwa kwa kumpiga mtu, someni hii kabla hamjatuma pesa popote.

Kuna mwanamume anayejiita wakili. Huonekana nje ya korti ya Makadara asubuhi, saa zile washukiwa wanaletwa kutoka seli. Amevaa suti safi, amebeba faili, ana kadi yenye picha ya mizani. Hawafuati washukiwa, huwafuata jamaa zao. Humtafuta mama aliyesimama peke yake, machozi yakimlenga, na kumwambia kwa upole, “Mama, hii ni assault tu, naimaliza leo.”

Jirani yangu anauza mboga sokoni. Mwanawe ni konda, alizozana na abiria kuhusu nauli, wakashikana, abiria akaumia mdomo. Huyu bwana alimlia mama huyo shilingi 45,000 kidogo kidogo: kwanza ya kufungua faili, kisha ya daktari ili P3 (fomu ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha) ibadilishwe, kisha ya “kuongea na hakimu.” Pesa zote zilitumwa kwa M-Pesa, kwa namba yenye jina lisilofanana na lile la kwenye kadi. Risiti hakutoa hata moja.

Kupoteza pesa ni uchungu, lakini si hapo alipoumiza zaidi. Siku ya kesi kutajwa ilipokaribia, aliwapigia akawaambia wasijisumbue kwenda, faili limefungwa. Kijana akaenda kazini. Kortini jina likaitwa, hayupo, hakimu akatoa agizo akamatwe. Alishikwa stejini mbele ya abiria, na mjomba wake aliyemdhamini akaitwa kueleza kwa nini asipoteze dhamana aliyoweka. Kesi iliyoanza na mdomo kupasuka sasa ina mtu anayeonekana kama alitoroka, na kupata dhamana mara ya pili ni kazi ngumu.

Kwa hivyo shikeni hili hata mkisahau mengine yote: kesi ya jinai haiishi kwa simu. Inaishia kortini, mbele ya hakimu, mshtakiwa akiwepo. Hata mlalamishi akisamehe, hawezi kuiondoa nyumbani kwake. Anaomba ruhusa ya korti. Sheria yenyewe inaruhusu maridhiano katika makosa madogo ya kushambulia, tena hakimu anaweza kuyahimiza na fidia ikalipwa, lakini masharti yake yanaidhinishwa na korti. Hiyo njia ni ya halali na iko wazi. Mtu anayekuuzia njia ya kichochoroni anakunyima ile ya wazi.

Na hakuna kitu kinachoitwa “assault tu.” Kifungu cha 250 cha Kanuni ya Adhabu, cha shambulio la kawaida, kina kifungo cha hadi mwaka 1. Kifungu cha 251, mtu akiumia mwilini, ni hadi miaka 5. Jeraha likiwa baya sana unaingia kifungu cha 234, ambacho adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Karatasi ya mashtaka huonyesha kifungu. Isomeni. Huyu bwana hakuwahi hata kuiomba.

Hapo ndipo utamtambua. Wakili wa kweli atauliza nani alianza, nani aliona, P3 inasema nini, kuna kamera pale stejini? Atauliza kama kijana alikuwa anajikinga, kwa sababu kujitetea kunatambuliwa na sheria. Ataomba upande wa mashtaka utoe ushahidi mapema, kwani kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki hiyo. Huyu swali lake lilikuwa moja: mko na pesa ngapi?

Nimesikia pia kwamba matapeli wengine huwashauri washtakiwa wakubali kosa haraka ili “wapigwe faini waende.” Tafadhali msikubali bila kushauriwa na wakili halisi. Hukumu huandikwa, na konda au dereva anahitaji cheti cha tabia njema ndipo apate beji ya PSV, yaani ya kufanya kazi kwenye magari ya abiria. Utamaliza kesi na kumaliza kazi siku moja.

Kuhakikisha wakili si vigumu. Ingia tovuti ya LSK, yaani Chama cha Mawakili cha Kenya, tafuta jina, uangalie kama ana leseni ya mwaka huu. Lakini jina peke yake halitoshi, kwa sababu matapeli huazima majina ya mawakili halisi. Nenda ofisini kwake, kutana naye hapo, na ulipe kwa kampuni ya uwakili, si kwa simu ya mtu, upewe risiti. Dhamana ya pesa taslimu pia ina risiti, na hurudishwa kesi ikiisha kama hukukiuka masharti. Bondi ya polisi ni bure.

Kama huna uwezo, jaribu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016, au Kituo cha Sheria, shirika linalotoa msaada wa kisheria. Foleni ipo, lakini ni watu wa kweli.

Aliyekwisha kumlipa, usifute ujumbe wa M-Pesa wala rekodi za simu zake. Peleka kituo cha polisi, eleza, usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Asiye wakili anayejifanya wakili anavunja Sheria ya Mawakili, na LSK pia wanapokea taarifa kama hizo. Akiwa ni wakili halisi aliyekula pesa, malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Na kama alikwambia usiende kortini, usingoje kushikwa. Kesho asubuhi nenda mwenyewe kwa masjala ya jinai ukiwa na namba ya kesi na mdhamini wako, uulize faili liko hatua gani na kama kuna agizo la kukukamata, kisha uombe ufikishwe mbele ya hakimu ueleze ulivyodanganywa. Beba zile jumbe za simu.