Don Quixote bila vinu vya upepo: nimeitazama Honor de cavalleria

Mara ya kwanza nililala. Nasema mapema, asije mtu akanidai bando lake.

Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza Don Quixote, riwaya ya Cervantes iliyotoka kwa sehemu mbili, 1605 na 1615, bado namcheka yule mzee anavyovamia vinu vya upepo akidhani ni majitu. Nikasikia Albert Serra, mwongozaji wa Kikatalani kutoka Hispania, aliitolea filamu mwaka 2006, ndiyo hii Honor de cavalleria. Nikakaa mkao wa kula. Vinu havikutokea, hata kimoja! Ni mzee, Sancho mtumishi wake, farasi na punda: wanakatiza majani, wanakaa, wanaondoka tena. Karibu saa mbili. Ipeleke banda umiza uone watu watakavyodai viingilio vyao.

Wiki iliyofuata nikairudia, taa nimezima, simu nimeiacha chumba kingine. Safari hii nilimwona Sancho. Pande la mtu, mzito wa kusema. Mzee anamhubiria habari za Mungu, anamwambia atazame mbingu, naye anatazama. Wanaingia mtoni kuoga, mzee anafurahi kama mtoto. Waliocheza, Lluís Carbó na Lluís Serrat, hawakuwa waigizaji wa kazi, na labda ndiyo maana hakuna anayejitutumua mbele ya kamera. Nilimkumbuka babu, jinsi tulivyokuwa tukienda shamba la mbali: kutwa nzima maneno ishirini, kumi ya kunigombeza. Na bado nilitaka kwenda naye kesho yake.

Ila kuna kitu kimeniuma. Sancho wa kitabuni hafungi mdomo, ni methali juu ya methali mpaka bwana wake anamkemea. Sisi tuliolelewa kwa methali tungempenda huyo. Serra kamnyang'anya zote.

Halafu giza. Wamepiga kwa mwanga wa jua na mwezi, kwa hiyo usiku ukiingia, kwenye kompyuta yangu nilikuwa najiona uso wangu mwenyewe. Lakini kuna mwezi mmoja unachomoza taratibu, kamera imetulia tuli, hakuna anayeharakishwa. Kwa huo nilisamehe giza lote.

Maongezi ni ya Kikatalani. Mimi nilisoma maandishi ya Kiingereza chini, na ni machache. Soma kitabu kwanza, walau sehemu ya kwanza, la sivyo utaona wazee wamepotea njia tu.

Nilimwita mke wangu aje auone ule mwezi. Akatazama kidogo, akauliza, "Steringi ni yupi?" Mpaka leo sijamjibu.