Orodha ya opkodi za Perl: Tab moja iliniharibia siku

Naandika nikiwa bado na hasira. Wanaosifu regen/opcodes, faili linaloorodhesha opkodi (amri za ndani) za lugha ya programu ya Perl, kwamba ni orodha inayosomeka na binadamu wanasema kweli, ila waongeze kwamba jicho la binadamu haliioni Tab, ile herufi ya kutenganisha safu inayoonekana kama nafasi tupu.

Kazi ilikuwa kuongeza opkodi moja kwenye nakala ya Perl tunayoitumia kazini. Unaandika mstari mmoja, unaendesha skripti ya regen/opcode.pl, unapata majedwali ya lugha ya C. Nikanakili mstari wa jirani nikaubadilisha. Skripti ikagoma: eti opkodi yangu haina alama ya kundi, yaani ya aina ya opkodi. Alama ipo! Naiona, 1 imekaa pale pale mwisho wa mstari. Nikaifuta, nikaiandika tena, jibu lile lile. Nikamwuliza kiongozi wa timu. Hata uso hakuinua: "Soma skripti." Mbele za watu, hivyo hivyo.

Nikaisoma. Inakata mstari kwenye Tab tu, na kihariri tulichowekewa ofisini hugeuza kila Tab unayopiga kuwa nafasi tupu. Maelezo na ck_null (jina la mkaguzi, kazi ya C inayoikagua opkodi) vikashikana vikawa kitu kimoja, safu zikasogea, mahali pa alama pakabaki patupu. Sasa kwa nini isiseme tu kwamba mstari umepungukiwa safu? Asubuhi yangu yote imekwenda hapo.

Nyota mbili, na nimejikaza.

Lakini ngoja. Hebu tazama mstari wa add (kujumlisha): "addition (+)", ck_null, IfsT2, S S. I inasema kuna toleo lake la namba kamili, f kwamba hesabu ya thamani zisizobadilika ifanywe mapema, s kwamba jibu ni skala (thamani moja), 2 kwamba inachukua pande mbili. Maelezo yenyewe yana nafasi ndani, kwa hiyo Tab ina sababu. Mstari huo mmoja unazaa OP_ADD kwenye opnames.h, na kwenye opcode.h unazaa jina, maelezo, anwani ya Perl_pp_add (kazi ya C inayoitekeleza), mkaguzi na alama, kila kimoja katika jedwali lake, vyote kwa namba moja. Yaandike kwa mkono, jedwali la anwani lipungukiwe mstari, na kila opkodi inayofuata itaita kazi ya jirani yake.

Na kuna watu wanayaandika kwa mkono! Mwenzetu alikuwa amerekebisha opcode.h moja kwa moja, ilhali juu ya faili kumeandikwa kwa herufi kubwa kwamba lisihaririwe. Nilipozalisha upya, marekebisho yake yakafutika, lawama nikabebeshwa mimi. Wangeendesha t/porting/regen.t siku ile ile, jaribio hilo lingemuumbua, maana kazi yake ni kukagua kama faili zilizozalishwa bado zinalingana na orodha.

Basi nafuta zile mbili. Nne. Ya tano nainyima kwa sababu ya ule ujumbe, na siitoi mpaka utaje Tab.