Uzoefu wangu Pangani: mto ulinifaa kuliko kisiwa

Nilikaa Pangani, mji wa pwani mkoani Tanga, siku tatu na kulipia safari mbili za majini: ya kwanza kwenda kisiwa cha Maziwe kupitia wakala ambaye sitamtaja jina, na ya pili kupanda Mto Pangani na mzee mmoja mwenye mashua. Wageni wengi niliokutana nao walikuwa wamelipia kisiwa tu na kuuacha mto. Naandika kwa sababu naamini kwamba wangefaidika zaidi kama wangefanya kinyume chake.

Maziwe huuzwa kama kisiwa, lakini anayekwenda ajue mapema kwamba ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, lisilo na mti hata mmoja. Zamani kulikuwa na mivinje, lakini bahari iliumega mchanga kidogo kidogo hadi miti yote ikaanguka kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, miaka michache tu baada ya eneo hilo kutangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Siku hizi bamvua, yaani maji makubwa ya siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, linapojaa fungu lote hufunikwa, na ndiyo maana mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukweni mwa Ushongo, upande wa bara, yasije yakaharibiwa na maji.

Kwa sababu hiyo, saa ya kuondoka ndiyo kila kitu katika safari hii, na hapo ndipo wakala wangu aliposhindwa. Tulikuwa siku za mwezi mpevu, maji yakipwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kwa hiyo kuondoka saa mbili kama tulivyoahidiwa kungetupa muda wa kutosha. Tulisubiri petroli ya injini hadi saa tano. Tulipofika, maji yalikwisha kugeuka. Mchanga uliokuwa mpana kama uwanja wa mpira ulipungua mbele ya macho yetu, na ilipofika saa nane na nusu tulikuwa tumebeba sahani za wali mikononi tukirudi kwenye boti. Chini ya maji sina lalamiko. Matumbawe yana samaki wengi wa rangi, majaketi ya kujiokolea yalitosha watu wote, na kijana aliyetuongoza alituzuia kwa upole tusikanyage matumbawe.

Kesho yake nilimweleza yule mzee wa mashua yaliyotupata. Alicheka, akasema, “Mwanangu, maji hayamsubiri mtu aliyekwenda kununua mafuta.” Yeye alitaka tuondoke saa tisa na nusu alasiri, wala si kabla, ili maji yanayojaa yatusukume kwenda juu na yanayopwa yaturudishe. Ndivyo ilivyokuwa. Mara nyingi alizima injini kabisa, tukawa tunasikia kima matawini na mdiria wakijitupa majini. Mzee aliijua miti ya kingoni kwa kazi zake: mlilana, unaosimama mbele kabisa karibu na maji, ulikatwa kwa mataruma, yaani mbavu za vyombo; mkoko, wenye mizizi kama miguu ya kaa, ulitoa boriti za nyumba; na mchu aliutambua kwa vipumulio vyake vinavyochomoza matopeni kama penseli.

Juu zaidi miti hiyo ya mikoko inaiachia minazi nafasi, na hapo mazungumzo yakawa mazito kidogo. Mto huu unaanzia Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu na mashamba ya umwagiliaji, kisha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na safari yote hadi baharini ni kama kilomita 500. Kila anayeuchota huko juu anapunguza nguvu ya maji baridi huku chini, na chumvi inapanda ndani zaidi. Mzee alinionyesha minazi iliyokatika vichwa, akaniambia kuwa marehemu baba yake alikuwa akichota maji ya kunywa mahali ambapo leo hayanyweki. Sikutegemea kupata somo kama hilo katika matembezi ya machweo, na kwangu lilizidi thamani ya nauli.

Kwa mizani yangu, mto unastahili nyota 5 na safari ya Maziwe, kwa jinsi ilivyoendeshwa siku ile, nyota 2. Anayetaka kisiwa achague siku za bamvua, maji yanapopwa sana asubuhi, ahakikishe kwamba mafuta yamekwisha kununuliwa jana yake, na awe majini saa mbili asubuhi. Nilimwomba wakala anirudishie sehemu ya malipo. Akanipa punguzo kwa safari ijayo ya Maziwe, lakini hakuandika ni saa ngapi tutaondoka.