Uzoefu wangu: fundi mkuu aliyetambua ubovu wa gari bila kulipanda

Nimekwisha kuwavumilia mafundi wanaochelewesha kazi, na hata wanaozurura mjini na gari la mteja, lakini sijawahi kukasirishwa kama nilivyokasirishwa na fundi mkuu wa gereji moja ya pembezoni mwa Arusha, ambaye aliamua ugonjwa wa Land Cruiser yangu akiwa amesimama, mikono kiunoni, injini ikiwaka na gari halijasogea hata hatua moja.

Mlio wenyewe nilikuwa tayari kumweleza wote. Ulianza wakati wa masika, ukisaga kama jiwe la nafaka, na ulikuwa na tabia yake: nikipanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, mguu ukiwa umekandamiza mafuta, ulikuwa karibu haupo, lakini nilipoteremka nikiwa nimeachia mafuta ili injini ilizuie gari, ulipanda hadi abiria wakaanza kutazamana. Haukubadilika nilipokata kona kushoto wala kulia, ilhali beringi mbovu ya gurudumu aghalabu hubadili sauti uzito wa gari unapoielemea. Kwenye tambarare, hata nikiweka gia huru, uliendelea kufuata kasi ya magurudumu, si ya injini. Sikuwa nimefika nusu ya maelezo hayo akanikatiza: "Mama, wewe endesha tu, mambo ya chini ya gari tuachie sisi."

Akaandika kwamba mbovu ni transfa, yaani lile sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Nikalipa milioni moja na ushee kwa beringi mpya na ufundi, na kabla sijafika Kisongo mlio ulikuwa umenisalimu upya. Niliporudi, bwana huyo, bila haya, akasema labda ni matairi.

Hapo ningemaliza kwa kuwaambia msikanyage pale kamwe, isipokuwa haki yanilazimu kumtaja kijana mmoja anayejifunza kazi katika gereji hiyo hiyo. Alinisogelea akasema, "Shikamoo mama, naomba tuzunguke nalo kidogo." Alikaa nyuma kabisa, juu ya ekseli, akasikiliza. Kisha akafungua loki za magurudumu ya mbele ili ekseli ya mbele isizungushwe, tukaenda tena, na mlio ukabaki ule ule; kwa hiyo mbele kukaondolewa katika orodha ya washukiwa. Tuliporudi alilala chini ya gari, akaushika mkono wa propela, ile fimbo ndefu inayopeleka mzunguko nyuma, pale unapoingia kwenye difu ya nyuma, yaani lile bonge la gia katikati ya ekseli, akautikisa, nao ukacheza. Oili aliyoimwaga ilitoka nyeupe nyeupe kwa maji, ikimetameta kwa unga wa chuma.

Maelezo yake yalinitosheleza kuliko risiti zote za bosi wake. Difu iliyopata moto njiani inapozama ghafla katika maji baridi ya korongo, hewa iliyomo ndani husinyaa, na kama kipumulio, kile kitundu cha kupitisha hewa kilicho juu ya ekseli, kimezibwa na tope, difu huvuta maji kupitia kwenye sili, yaani mipira inayozuia oili kuvuja. Maji hayo huidhoofisha oili, na beringi ya pinioni, ile gia ndogo inayozungushwa na propela, huanza kuliwa. Alizibua kipumulio, akabadilisha beringi na sili, akaweka oili mpya, na ukingo wa Mto wa Mbu nauteremka sasa nikisikia upepo na matairi tu.

Basi ningeipa gereji hii alama nzuri, na nilikuwa nimekwisha kulainika, mpaka nilipoomba nirudishiwe walau gharama ya zile beringi za transfa ambazo hazikuwa na kosa lolote, nikajibiwa kwamba "zitakusaidia baadaye." Nyota moja, nayo ni ya kijana. Mkienda, mwombeni yeye, na fundi mkuu aachiwe kazi ya kuosha magari.