Seti ya kuunda na kutengeneza fimbo za kuvulia: nimeitumia kwenye fimbo nne, tazama kabla hujanunua

Haya ndugu watazamaji, karibuni. Kabla sijafungua sanduku, hebu tazameni hiki kitu hapa. Nakisogeza karibu na kamera. Hii ni pete ya fimbo ya kuvulia, ya tatu kutoka nchani. Kwa macho ni nzima kabisa. Sasa nachukua pamba kidogo, naipitisha ndani ya pete, naizungusha taratibu... Mmeona? Imenasa. Nyuzi za pamba zimebaki hapo juu, upande wa kulia. Hapo kauri, ule utando mgumu wa ndani ya pete, imepasuka, ufa mwembamba kuliko unywele, na ndio uliokuwa unanikatia mshipi. Samaki watatu wamenitoka kwa ajili ya ufa huu. Nikalaumu fundo langu, nikafunga upya. Nikalaumu mshipi, nikabadilisha wote. Kumbe mkosaji ni pete.

Kwa hiyo kama una fimbo inayokata mshipi bila sababu, chukua pamba leo hii upime pete zote moja moja, na ile ya ncha usiisahau.

Sasa tuje kwenye seti. Kampuni sitaitaja, kwa sababu seti za aina hii zinauzwa kwa majina mengi na vilivyomo ndani ni vilevile. Nawapa mambo ya kukagua, mtayatumia kwa seti yoyote. Ndani kuna benchi dogo la mbao lenye mihimili miwili iliyokatwa kama herufi V, imebandikwa kitambaa laini ili fimbo isichubuke. Kuna kikaza uzi, sahani mbili ndogo na springi katikati, kama kile cha cherehani. Kuna rola tano za uzi wa nailoni saizi A, ambao ni uzi mwembamba, wa fimbo nyepesi. Kuna mota ya kukaushia inayozunguka mara 9 kwa dakika. Kuna chupa mbili za epoksi, yaani gundi ya kupaka juu ya uzi, mabomba mawili ya sindano, na brashi. Basi.

Tupa, kile chuma cha kunolea, haimo. Hilo limenishangaza, na nitawaambia kwa nini.

Nimeitumia kwenye fimbo nne: mbili nilibadilisha pete, moja ilikuwa imekatika ncha, na ya nne nimeiunda mwenyewe kutoka ufito mtupu, yaani mti wa fimbo peke yake, futi 7, haina hata pete moja.

Tuanze na kutoa pete mbovu, maana hapa ndipo watu wanaua fimbo zao. Wembe unapita juu ya mguu wa pete, kile chuma kinacholala kwenye fimbo na kufungwa kwa uzi. Juu ya chuma. Angalieni mkono wangu: nauegemeza wembe kwenye chuma, nakata epoksi pamoja na uzi mpaka nasikia chuma kinakwaruza, halafu naacha. Usikate kamwe juu ya ufito wenyewe. Fimbo nene za faiba zilikuwa zinavumilia. Lakini tangu kampuni ya Fenwick ya Marekani ilipotoa fimbo zake za kaboni mwaka 1973, wavuvi wamezoea fito nyepesi zenye ukuta mwembamba sana, na nyuzi za kaboni zilizolala kwa urefu ndizo zinazobeba mzigo. Ukizikata kidogo tu kwa wembe, hutaona kitu leo. Utakiona siku samaki mkubwa anapovuta, fimbo ikalia paa, ikavunjika palepale ulipokwaruza. Ukishakata juu ya chuma, pasha moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, epoksi italainika, uanze kubandua uzi kwa kucha. Mabaki yakwangue kwa kipande cha plastiki, kadi ya zamani inatosha.

Sasa hiyo tupa. Pete mpya hutoka kiwandani miguu yake ikiwa na ncha butu. Ukifunga uzi hivyohivyo, ukifika kwenye ncha ya mguu uzi unashindwa kupanda, unaacha pengo, na pengo hilo litajaa hewa utakapopaka epoksi. Inabidi unoe mguu mpaka uwe kama ulimi mwembamba, uzi upande bila kujua kama umepanda. Kisha geuza, pitisha kidole chini ya mguu. Ukihisi kijichuma kimechomoza, kisugue mpaka kiishe, kwa sababu kitazama kwenye ufito kila fimbo inapopinda. Seti isiyo na tupa inamfundisha mtu kufunga pete bila kunoa. Nunua tupa ndogo ya bapa, iwe ya kwanza kwenye orodha yako.

Kwenye benchi lenyewe sina ugomvi. Ni zito, halitembei mezani. Kikaza uzi nacho ni kizuri, ila nati yake inalegea ukirudisha uzi nyuma, nami nimeongeza nati ya pili juu yake, imetulia. Mkazo uwe kiasi gani? Ukishamaliza kufunga, isukume pete kwa kidole gumba. Isogee kidogo kwa shida, hapo umepatia. Ikigoma kabisa umekaza mno, na mguu unabana ufito. Ikiteleza, fungua uanze tena, usione uvivu.

Namna ya kufunga: anza milimita tatu au nne kabla ya mguu, uzi ujikanyage wenyewe mizunguko mitano sita, kata kile kisazo, halafu endelea kuzungusha ukielekea kwenye pete. Ukibakiza mizunguko kama minane, laza kitanzi cha uzi mwingine juu ya ufito, kifungie ndani ya hiyo minane, kata uzi wako, pitisha ncha kwenye kitanzi, vuta. Ncha inapita chini ya mizunguko na kujificha. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hili nilikaa nikilirudia kwenye penseli usiku mzima. Hakuna fundo hata moja kwenye fimbo nzima, na pete haitoki.

Kuhusu rangi ya uzi, sikilizeni vizuri. Uzi wa nailoni wa kawaida ukilowa epoksi unabadilika, unaingia giza na kuwa kama kioo, unaona hadi chuma cha mguu chini yake. Nyekundu niliyoipenda kwenye rola imekuwa hudhurungi iliyoiva. Kuna uzi uliotiwa dawa kiwandani usibadilike, na kuna dawa ya kupaka kabla ya epoksi ili kulinda rangi. Katika seti hii uzi ni wa kawaida, dawa haimo, na kwenye sanduku hawajasema lolote. Binafsi ile hudhurungi nimeipenda, lakini mtu aliyetaka nyekundu atahisi ameibiwa. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ufito cha kutupa.

Haya, tufike kwenye epoksi, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo seti hii ilinipa kazi mbaya na pia ndipo iliponifurahisha zaidi.

Epoksi ya kupakia ni maji mawili, A na B, na hii yangu unachanganya kiasi sawa kwa ujazo. Usipime kwa mizani, kwa maana yale maji mawili hayalingani uzito. Nilivuta mililita 3 za A kwa bomba moja, mililita 3 za B kwa bomba la pili. Nikakoroga polepole dakika nne, nikipitisha kijiti chini na pembeni mwa kikombe. Nikapaka. Fimbo ikazunguka kwenye mota, inang'aa, nikafurahi. Baada ya nusu saa narudi kutazama, nakuta epoksi imejikunja. Angalieni picha hii niliyopiga siku ile. Yale madoa ya mviringo, kila moja kama punje ya mtama, ni sehemu ambazo epoksi imekimbia na kuacha uzi uchi. Nikapaka juu yake, ikakimbia tena palepale.

Nilidhani ni jasho la mikono yangu. Nikasafisha kwa spiriti fimbo ya pili, nikavaa glavu, nikapaka, madoa yakarudi. Ndipo nikaanza kutazama vifaa kimoja kimoja. Mabomba ya sindano yaliyokuja na seti yana mpira mweusi kwenye kisukumio, na mpira ule umepakwa mafuta ya silikoni ili uteleze. Epoksi na silikoni haviketi pamoja. Tone dogo linaloosha ule mpira linatosha kuharibu kikombe kizima. Nikatafuta mabomba ambayo kisukumio chake ni plastiki tupu, hakina mpira. Nikasugua ile kazi iliyoharibika kwa msasa laini, nikafuta kwa spiriti, nikapaka upya. Hii hapa. Naizungusha chini ya taa. Hakuna doa.

Kwa hiyo ukinunua seti kama hii, kitu cha kwanza kutoa sandukuni ni yale mabomba. Chomoa kisukumio, ukiona mpira yatupe. Na yale mapya yaandike, moja A, moja B, yasibadilishane siku zote. B kidogo ikiingia kwenye chupa ya A, chupa inaanza kugandia ndani.

Epoksi yenyewe ni nzuri, nasema bila kusita. Ni nyepesi, inaingia kwenye uzi, na inakupa muda. Ukishakoroga usiiache kikombeni: imwage kwenye karatasi ya foili, itandazike. Ikirundikana inatoa joto, na joto linaigandisha upesi. Ikitandazwa inapoa na viputo vinapanda vyenyewe. Anza kupaka kwenye vile vijipango viwili kando ya mguu wa pete, ambako uzi umeacha nafasi, ijaze hapo kwanza, maji yakiingia humo ufito na pete vinateseka. Viputo vilivyobaki pitisha moto wa taa ya spiriti chini yake, haraka, sekunde moja, usisimame. Na tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Nene inakuwa kama yai lililokwama kwenye fimbo.

Mota: mizunguko 9 kwa dakika inatosha kabisa. Kazi yake ni kuinyima epoksi muda wa kudondoka upande mmoja kabla haijashika. Mimi naiacha izunguke saa 6. Haipigi kelele, haikupata joto. Kasoro ni kile kichwa chenye skrubu tatu: ukikaza moja kuliko nyingine fimbo inakaa upande, inayumba, na epoksi inajaa upande mmoja. Kaza kidogo kidogo kwa zamu, weka macho kwenye ncha ya fimbo. Ncha ikitulia, upo sawa.

Ile fimbo iliyokatika ncha ilikuwa kazi ya robo saa. Nilisawazisha mahali pa mkato kwa msasa, nikachagua pete ya ncha yenye tundu kubwa kidogo, nikaibandika kwa gundi ya moto. Gundi ya moto, jamani, si epoksi. Pete ya ncha ndiyo inayogongwa zaidi, utataka kuitoa tena. Ukipasha chuma kwa kiberiti inatoka yenyewe, ilimradi moto uguse chuma usiguse kaboni.

Ile ya futi 7 niliyoiunda mwenyewe inahitaji video yake. Leo niseme moja tu. Nafasi za pete sikuzichukua kwenye jedwali nikaishia hapo. Nilizishika zote kwa tepu ya karatasi, nikapitisha mshipi, nikafunga uzito, nikaipinda fimbo. Ukitazama kwa ubavu utaona mahali mshipi unapokata kona badala ya kufuata mpindo. Sogeza pete hapo, pinda tena. Nilisogeza pete mbili, moja kwa upana wa vidole viwili. Jedwali halikuijua fimbo yangu.

Je, ninunue? Kama una fimbo moja yenye pete moja mbovu, usinunue seti nzima. Uzi, epoksi, wembe, kitabu kizito cha kubana uzi ili ukaze, na fimbo uigeuze kwa mkono robo mzunguko kila dakika chache mpaka epoksi ishike. Nimewahi kufanya hivyo, inakubali, ila usiondoke. Kama una fimbo tatu na kuendelea, au marafiki wanakuletea zao, nunua, na unachonunua ni mota na benchi. Vingine vyote utabadilisha. Tupa mabomba, ongeza tupa ya chuma, ongeza uzi wa rangi unayoitaka kweli.

Ile fimbo yenye pete iliyopasuka nimeipaka tabaka la pili leo asubuhi, iko hapa nyuma yangu inazunguka. Siishiki mpaka kesho saa kama hii, na majini haiendi kabla siku nne hazijapita, hata samaki waje mpaka ufukweni. Ukiwa na swali kuhusu mabomba au uzi niandikie hapo chini, nasoma yote. Pamba mnayo.