"South" ya Frank Hurley: meli naipa nyota tano, mashua mbili

"Sauti imekatika?" mama aliuliza kabla hata dakika mbili hazijaisha. Haikukatika. Ni filamu bubu ya 1919; maelezo yanajitokeza kwa Kiingereza, kwa hiyo jioni nzima nikawa mkalimani.

Hurley ndiye aliyekuwa mpiga picha wa msafara wa Ernest Shackleton, uliotaka kuvuka bara la Antaktika. Meli yao, Endurance, ilinaswa na barafu kwenye Bahari ya Weddell Januari 1915, ikabebwa nayo miezi na miezi mpaka ikapondwa.

Mwanzo wake mtamu kweli. Hurley ameitega kamera mbele kabisa, juu ya omo, unaona meli inaigonga barafu na ufa unatangulia mbele mbio kama umepasua kioo. Baadaye milingoti inaporomoka, na ule ukimya ambao mama aliulalamikia ndio uliotunyamazisha wote.

Halafu ujue hizo picha zilipona vipi. Mikebe yenye filamu na picha za vioo (negativi) ilikuwa imezama ndani ya meli iliyovunjika. Hurley akavua nguo, akajitosa kwenye maji ya barafu kuiopoa. Picha za vioo hawakuweza kuzibeba zote: yeye na Shackleton walichagua kama 120, nyingine 400 hivi wakazivunja hapo hapo asije mtu akatamani kuzirudia.

Sasa lawama yangu. Kilichowaokoa ni safari ya watu sita ndani ya James Caird, mashua ya mita saba, takriban maili 800 za bahari kutoka Elephant Island, kisiwa walichokimbilia baada ya kupoteza meli, hadi kisiwa cha South Georgia kutafuta msaada. Humu inapita haraka mno. Sawa, Hurley aliachwa kisiwani na wenzake, angepigaje? Ila kutujazia mwishoni pengwini na sili, tena aliowafuata kuwapiga mwaka 1917, niliona napunjwa. Mama ndipo alipocheka kuliko pote, basi nikanyamaza.

Watu wote 28 wa Endurance walirudi hai. Wa mwisho walichukuliwa kisiwani na Yelcho, meli ya Chile, 30 Agosti 1916.

Ukiitafuta, chukua nakala iliyokarabatiwa na British Film Institute.

"Na wale mbwa wa kuvuta sleji?" mama aliuliza tukizima. Nikamwambia kesho. Kesho yake nikamwambia: chakula kilipopungua walipigwa risasi. Anataka tuiangalie tena, ila penye mbwa niruke.